DNA na Nasaba ya Mswahili: Mate Yanaeleza Nini?

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Katika jamii za pwani, asili hiyo ilihifadhiwa kwa masimulizi ya ukoo na kwa nasaba zilizoandikwa. Siku hizi imezuka njia nyingine: mtu hutia mate katika kichupa akiwa nyumbani, hukituma kwenye maabara, kisha huletewa asilimia za asili yake. Makala haya yanafafanua yale ambayo kipimo hicho huweza kueleza na yale kisiyoweza.

DNA hurithiwa kwa njia tatu. Kromosomu Y hutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume. DNA ya mitokondria hutoka kwa mama. Nayo iliyosalia hutoka kwa wazazi wote wawili. Mtu akihesabu vizazi kumi nyuma, ana nafasi 1,024 za wahenga, ilhali kromosomu Y humfuata mmoja tu. Hivyo, anayeambiwa kuwa Y yake ni ya Uajemi hajaambiwa lolote kuhusu wale 1,023.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 unadhihirisha jambo hili. Wataalamu, akiwemo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, walichunguza DNA ya watu 80 wa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani kama vile Manda, Mtwapa na Kilwa. Wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya DNA ya Kiafrika, hasa kutoka kwa wanawake. Ile ya Kiasia ilitoka hasa kwa wanaume wa Kiajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo, masimulizi ya Washirazi hayakuwa ngano tupu. Hata hivyo, nasaba inayohesabiwa kuumeni pekee huwafunika akina mama waliochangia sehemu kubwa zaidi.

Isitoshe, asilimia za kipimo cha nyumbani ni makadirio. Hutokana na kulinganishwa na hazina ya kampuni, ambamo Waafrika ni wachache. Hazina ikipanuliwa, asilimia nazo hubadilika. Aidha, kipimo huweza kufichua ndugu asiyejulikana, siri ambayo mpimaji hakuitafuta.

Hatimaye, DNA haina lugha. Kiswahili ni cha Kibantu kwa sarufi yake, msemaji awe na asilimia zipi. Swali la Mswahili ni nani halitajibiwa na mate pekee. Mtafiti wa fasihi simulizi angali na kazi ya kuwasikiliza wazee, hasa akina bibi.