Kwa Nini Babu Aliondoka Ayalandi?

Wako mamilioni ya watu huko Marekani, Kanada, Australia na Uingereza ambao babu zao walitoka Ayalandi, ile nchi ndogo iliyotuletea mapadri na masista wengi hapa Kenya. Ukiwauliza kwa nini babu alihama, wengi watakujibu neno moja tu: njaa. Jibu hilo mara nyingi ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Njaa ilipiga nyumba mbili za majirani. Mmoja akabaki, mwingine akapanda meli. Kwa nini? Hapa tunaeleza jinsi ukoo unavyoweza kufuata jambo hilo mpaka ukapata ukweli wake.

Njaa yenyewe

Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi. Ni ule ule unaochoma majani ya viazi kwetu Nyandarua na Meru wakati wa mvua na baridi. Leo shamba ni kijani, baada ya siku chache limekuwa jeusi na linanuka. Maskini wa Ayalandi walikuwa wanakula viazi asubuhi, mchana na jioni. Nafaka walilima, lakini ilikuwa ya kulipia kodi ya shamba, maana shamba halikuwa lao. Mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Kufikia 1851 walibaki kama milioni 6 na nusu. Karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja walihama.

Kwanza, jua mwaka

Sababu ya safari hufuata mwaka wa safari. Aliyeondoka kabla ya 1845 mara nyingi alikuwa na kitu kidogo mfukoni, kwani nauli ya Marekani haikuwa ya maskini kabisa. Aliyeondoka kati ya 1845 na 1852 yawezekana alikimbia njaa, au alifukuzwa. Aliyeondoka miaka ya 1880, sababu yake huwa nyingine. Wakati huo wazazi walikuwa wameacha kugawa shamba vipande vipande. Kijana mmoja alirithi, binti mmoja akaolewa kwa mahari, na wengine wakaambiwa watafute maisha. Dada aliyetangulia New York kufanya kazi za nyumbani alituma nauli ya mdogo wake, na huyo akamvuta mwingine. Kwa hiyo usiulize tu nani alihama. Uliza nani alimlipia nauli.

Australia ina habari yake. Wengine walipelekwa huko kwa pingu, kati ya 1791 na 1868. Ukoo ukificha habari za mzee wa Australia, pengine ni kwa sababu hiyo, na makosa yenyewe mengi yalikuwa wizi wa kondoo au wa nguo. Tena, kati ya 1848 na 1850, wasichana yatima zaidi ya 4,000 walitolewa katika nyumba za maskini za Ayalandi wakapelekwa Australia kufanya kazi na kuolewa.

Pili, tafuta kijiji

Orodha za meli za Marekani za zamani huandika "Ayalandi" basi, bila kijiji. Kwa hiyo usianzie Ayalandi. Anzia pale babu alipofia. Tazama cheti cha kifo, jiwe la kaburi, cheti cha ndoa. Katika majimbo ya Victoria na New South Wales, vyeti vya kifo vya tangu miaka ya 1850 vina nafasi ya majina ya wazazi na mahali pa kuzaliwa. Gazeti la Boston lililoitwa The Pilot lilichapa matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao tangu 1831 hadi 1921, na mengi yanataja kijiji na parokia.

Ukishapata parokia, fungua kitabu cha ubatizo. Mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya kumbukumbu za serikali mjini Dublin iliungua, na hesabu nyingi za watu za zamani zikawa majivu. Lakini vitabu vya Kanisa Katoliki vilikuwa vimebaki parokiani, kwa hiyo vilipona. Tangu 2015, Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeviweka kwenye intaneti bila malipo, hadi miaka ya 1880 hivi. Vingi vimeandikwa Kilatini, Patrick akawa Patricius. Tazama pia majina ya wasimamizi wa ubatizo. Ukiwaona hao hao katika kitabu cha parokia ya Boston, ujue walisafiri kama majirani.

Tatu, uliza shamba lilikuwa la nani

Hapa ndipo sababu hujificha. Kati ya 1847 na 1864 serikali ilichapa orodha ya mashamba yote iliyosimamiwa na Richard Griffith. Inaonyesha nani alikaa wapi, ekari ngapi, na mwenye ardhi ni nani. Ukijua mwenye ardhi, tafuta karatasi zake.

Chukua mfano wa Strokestown, wilaya ya Roscommon. Mwaka 1847 mwenye ardhi, Denis Mahon, alikuwa na wapangaji wasioweza kulipa kodi, na yeye alitozwa kodi ya kuwalisha maskini. Walipiga hesabu wakaona ni rahisi kuwalipia nauli waende Kanada kuliko kuwatunza. Watu 1,490 walitembea kwa miguu mpaka Dublin, wakavuka hadi Liverpool, wakapanda meli. Wengi walikufa njiani au walipofika. Mahon aliuawa kwa risasi mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Majina ya wasafiri yamehifadhiwa katika karatasi za shamba lile.

Sasa fikiria mjukuu wa mmoja wao. Ameambiwa siku zote kwamba babu alihama kutafuta maisha. Karatasi zinasema alitolewa. Kuhama na kutolewa si kitu kimoja, na ukoo una haki ya kujua ni kipi kilichowapata. Hata sheria ilisukuma watu, maana tangu 1847 mwenye kushika zaidi ya robo ekari alinyimwa msaada wa chakula mpaka aachie shamba.

Mambo ya kushika

1. Wahoji wazee kwanza, na uandike maneno yao kama walivyoyasema, hata yasiyolingana.

2. Andika ndugu wote wa babu, si yeye peke yake. Barua au cheti cha shangazi huenda ndicho kitakachotaja kijiji.

3. Usishike jina peke yake. Patrick Murphy wako maelfu. Linganisha mke, watoto, wasimamizi na mwaka.

4. Gawa daftari lako mara mbili: tunayoyajua, na tunayoyadhani. Hakuna rejista yenye safu ya "kwa nini". Sababu utaijenga kwa mwaka, shamba, nauli na majirani, na ikipungua kimoja, iache upande wa kudhani mpaka kipatikane.