Moyo umebaki, funguo zimebaki: Kiswahili kwenye kioo cha simu

Majuzi nikiwa Nyeri mjini, kijana mmoja niliyewahi kumfundisha aliniita tunywe chai. Siku hizi riziki yake ni kuunda michezo ya simu. Kabla chai haijafika mezani alinipa habari yake: "Prof, nimeamua kutoa Kiswahili kwenye gemu yangu. Hakitoshei kwa simu."

Nilikohoa nikijiandaa kumpa ile hotuba yangu ya kawaida kuhusu utajiri wa lugha yetu. Akanitangulia. Aliomba simu yangu, akafungua sehemu ya mipangilio, akanirudishia bila kusema neno. Lugha: Kiingereza. Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini na simu yangu mwenyewe hunisemesha kwa Kiingereza! Hotuba ikafia kooni.

Malalamiko yake ya kwanza yalihusu neno 'ghairi', ambalo simu nyingi hulitumia kwenye kitufe cha kusitisha jambo. "Hapo Karatina sokoni, ni nani anaghairi?" aliuliza. Alisema watoto wakiliona husita, hubofya ovyo, kisha hurudi kwenye Kiingereza. Neno ni sanifu na Mpwani hatalishangaa, lakini nilikubali, kwa shingo upande, kwamba kitufe si mahali pa kumfundisha mtu msamiati mgeni. Mchezaji ana sekunde moja tu ya kuamua.

Tofautisha na 'pakua'. Anayeng'ang'ania bando lake ili apate wimbo hahitaji kamusi. Nyumbani mama hupakua githeri kutoka kwenye sufuria, na bandarini mizigo hupakuliwa kutoka melini. Kitu kinatoka kule kinakuja kwako. Ndivyo pia M-Pesa, tangu ilipozinduliwa mwaka 2007, ilivyotufikia kwa maneno ya kila siku: tuma pesa, toa pesa. Mwaka 2019 ikaja Fuliza. Kitenzi hicho, chenye maana ya kuendelea bila kukatiza, kilikuwa kimelala kamusini. Leo mwenye kibanda Nanyuki hukuambia amefuliza hadi mwisho. Nasi wasomi tulikuwa tukihimiza 'rununu' huku wananchi, bila kamati yoyote, wakiiita ile simu ndogo yenye tochi 'mulika mwizi'.

Waundaji wa michezo nchini nao wamekuwa na sikio la namna hii. Mwaka 2011 kulikuwa na mchezo wa simu ulioitwa Ma3Racer, wa kuendesha matatu. Jina hilo ni fumbo la Sheng: 'matatu' imekatwa, 'tatu' ikageuzwa kuwa Kiingereza, na watu husema 'mathrii'. Mwaka huohuo Andrew Kaggia, ambaye baadaye alitoa mchezo wa Nairobi X, alitengeneza filamu ya vibonzo aliyoiita Wageuzi, kutokana na kitenzi 'geuza'. Hapo uundaji wa neno umefuata sarufi kikamilifu, wala hakuna aliyelalamika kwamba ni gumu.

Lakini kilichomkwaza hasa mwanafunzi wangu hakikuwa msamiati. Kilikuwa upatanisho wa kisarufi.

Katika mchezo wake, mchezaji ana mioyo, yaani idadi ya nafasi za kuishi, pamoja na funguo, sarafu na magari. Kwa Kiingereza, programu huchukua tarakimu, ikaweka jina la kitu, kisha neno moja tu, 'left', lisilobadilika kamwe. Alipojaribu kutafsiri, mambo yakamchachia: moyo 1 umebaki, mioyo 3 imebaki, funguo 2 zimebaki, gari 1 limebaki, magari 2 yamebaki. Kwa vitu vinne tu, tayari ana maumbo matano ya kitenzi kimoja. Akiongeza kisu, yanakuwa saba. "Kwa hivyo nikaamua kila kitu ni 'zimebaki'," alisema. "Si ndivyo tunaongea huku? Magari mbili zimebaki."

Ni kweli, ndivyo wengi wanavyozungumza kutoka Nyeri hadi Meru, na mimi sina ugomvi na mazungumzo ya kwenye stejini. Ila mtoto anayecheza hataona mazungumzo. Ataona maandishi, mara mia kwa jioni moja, na Jumatatu atayahamishia kwenye insha yake. Mwalimu ana dakika chache kwa siku. Simu ina likizo nzima. Vilevile sikubali kwamba Kiswahili ndicho hakitoshei. Aliyetengeneza kiunzi kile alidhani kila lugha huacha kitenzi kikae kimya huku nomino zikibadilika. Kosa liko kwenye kiunzi.

(Tarakimu, kwa upande wake, hutusaidia. Ukiandika 'magari 2', kila mtu atajisomea mawili au mbili kwa dhamiri yake.)

Tulichukua karatasi ya risiti tukaanza kuchora. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa kuandika sentensi nzima kwa kila kitu. Akacheka, vitu vitakapofika arubaini, nani ataziandika? Ndipo nilipomuuliza: katika sentensi hiyo, ni lazima moyo uwe mtenda? Mtenda si mchezaji? Mwambie yeye: Umebakisha moyo 1. Umebakisha mioyo 3. Umebakisha funguo 2. Umebakisha magari 2. Kiambishi 'u-' kinamrejelea anayecheza, basi kitenzi hakibadiliki hata vitu viwe mia. Kilichobaki ni umoja na wingi wa nomino, kazi ambayo hata Kiingereza huidai.

Alikaa kimya, kisha akaandika kitu kwenye simu yake. "Umepata, umepoteza, umenunua," alinong'ona, akijaribu vitenzi vingine. Vyote vilikubali. Hata 'umefuliza' ilikubali, ingawa sidhani ni busara kuwafundisha watoto hilo mapema.

Hatukumaliza suala la kitufe cha kusitisha. Yeye anataka 'acha'. Mimi naona 'acha' inafoka, nami napendelea 'rudi', ingawa ananiambia 'rudi' tayari ina kitufe chake. Simu yangu sasa iko kwa Kiswahili. Juzi ilinitaka nithibitishe jambo fulani, ikanipa 'sawa' na 'ghairi', nami, nakiri, nilisita kidogo.