Game Boy Advance na Mdogo Wake SP: Nani Zaidi?

Siku hizi ukitaja michezo ya kompyuta, wengi hufikiria simu. Lakini kabla simu hazijatia fora kulikuwa na vifaa vya mkononi vilivyoundwa kwa kazi hiyo moja tu. Katika makala haya ninanuia kulinganisha viwili vya kampuni ya Nintendo ya Japani: Game Boy Advance, kilichotoka mwaka wa 2001, na Game Boy Advance SP, kilichokifuata mwaka wa 2003. Vyote nimevishika na kuvicheza, kwani mjomba wangu ni fundi wa redio na vitu kama hivi haviishi mezani pake. Wenzangu wakiviona, wote hukimbilia SP na kukibeza kile cha kwanza. Ati ni cha kizamani! Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Hebu tuvifungue tuone.

Kwanza, ndani ni kitu kimoja. Ubongo wake ni ule ule, kasi ni ile ile, na kioo kina nukta 240 kwa upana na 160 kwa kimo katika vyote viwili. Kaseti ya mchezo ikiingia huku, inaingia na kule. Kwa hivyo akitokea mtu akwambie SP inaendesha mchezo mbio zaidi, huyo anakudanganya mchana peupe.

Tofauti kubwa ni mwanga. Kioo cha Advance hakina taa. Mwanga wa jua au wa balbu huingia, ukagonga utando ulio nyuma ya kioo, kisha ukarudi machoni pako ukiwa na picha. Mahali penye giza huoni kitu, na hata chumbani mchana inabidi uinamishe kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje. Watu walilalamika sana. Lakini Nintendo hawakuwa wajinga. Taa hula betri. Mwaka wa 1990 kampuni ya Sega ilitoa Game Gear, chenye taa na rangi za kupendeza, kikatumia betri sita na kuzimaliza kwa muda wa saa tatu hadi tano hivi. Nani angeweza kugharamia hayo kila siku?

SP ilileta taa ndogo iliyowekwa kando, ikimulika kioo kwa mbele. Unaiwasha na kuizima kwa kitufe. Kwa kweli, picha huonekana imepauka kidogo, maana mwanga unapita juu ya picha badala ya kutoka nyuma yake. Kasoro hii ilirekebishwa mwaka wa 2005, ilipotoka SP nyingine yenye taa nyuma ya kioo, na hiyo ndiyo inayong'ara kwelikweli.

Sasa tuje kwenye chakula cha vifaa hivi, na hapa ndipo mimi na wenzangu tunapokosana. Advance hutumia betri mbili za AA, zile za dukani, na hudumu kama saa 15. SP ina betri yake ya kuchajiwa: saa kama 10 taa ikiwaka, 18 ikiwa imezimwa, na kuijaza huchukua kama saa tatu. Ukisikia hivyo utasema SP imeshinda, hununui betri tena. Haya, je, kama kwenu hakuna stima? Kwetu bado haijafika. Tuna taa ya sola yenye tundu la kuchajia simu, na mjomba alinipa waya unaoweza kuchaji SP kutoka hapo. Inakubali, ila umeme ninaoipa SP ndio ule ule wa kusomea usiku. Nikicheza sana, Hesabu zinabaki gizani! Advance nayo ina betri zake, lakini haina mwanga, kwa hivyo usiku itaitegemea taa hiyo hiyo. Mmoja anakopa umeme, mwingine anakopa mwanga. Tofauti ni kwamba mwanga wa taa tunaweza kuutumia sote mezani kwa wakati mmoja, dada yangu akisoma nami nikicheza. Umeme ukishaingia ndani ya SP, basi, hautoki.

Kuna jambo jingine ambalo wengi husahau. Advance ina tundu la visikilizio vya masikioni. SP haina! Lazima ununue kiungo cha kando, na kiungo chenyewe hupachikwa kwenye tundu la chaja. Kwa nyumba ya chumba kimoja yenye mtoto mchanga hilo si jambo dogo.

Umbo nalo? SP hujikunja kama daftari, kioo kikalindwa dhidi ya mikwaruzo, na hutoshea mfukoni. Hapo sina ubishi. Ila mikono ikiwa mikubwa vidole hubanana, jambo ambalo hulipati kwa Advance iliyolala kwa upana.

Kwa hivyo, aliye na stima nyumbani na achukue SP, tena ile ya 2005 akiipata. Mimi nimebaki na Advance. Mchana nje, chini ya jua, kioo chake huonekana vizuri sana, na betri zikiisha naenda dukani. Na wewe ukiamua kununua SP ya mitumba, iulizie chaja yake kabla ya kulipa. Zilizotoka Marekani huja na chaja ya volti 120, nasi huku tunatumia 240. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, utanusa moshi kabla hujaanza kucheza.