Konzi ya Unga Mbele ya Kuhani

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Mugoma, wilayani Ngara. Siku ya mavuno napokea matoleo: mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mayai, maharage, kahawa. Aliyeleta mbuzi hupita katikati kwa kujiamini. Mwenye maharage kidogo hungoja watu wapungue, ndipo asogee. Aibu hiyo inaniuma, maana Torati, yaani vitabu vitano vya Musa ambavyo Wayahudi wanavisoma hadi leo, haimpi maskini sababu yoyote ya kuona haya.

Tufungue Mambo ya Walawi. Sura ya 1 inaanza na ng'ombe, inashuka kwa kondoo na mbuzi, inamalizia kwa hua na makinda ya njiwa. Sura ya 2 ni ya unga. Mtu alileta unga laini, akautia mafuta na ubani. Kuhani alichota konzi moja akaiteketeza juu ya madhabahu, na uliobaki ukawa chakula cha makuhani. Chachu na asali vilikatazwa, chumvi ilikuwa lazima. Na kwa ng'ombe, kwa ndege na kwa unga, Torati inasema neno lile lile: harufu yake inampendeza Bwana. Walimu wa Kiyahudi, ambao mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna karibu mwaka 200, waliona hapo kwamba mwenye kutoa kingi na mwenye kutoa kidogo wako sawa, mradi moyo umwelekee Mungu.

Sura ya 5 inashuka ngazi kwa ngazi. Aliyekosa alete kondoo au mbuzi jike. Asipomudu, ndege wawili. Asipomudu hata hao, sehemu ya kumi ya efa ya unga. Efa moja ni zaidi kidogo ya debe, kwa hiyo sehemu hiyo ni kama lita 2, nusu sado ya sokoni kwetu. Hakuna aliyerudi nyumbani na dhambi yake kwa kuwa hana mali. Msomaji wa Injili ya Luka anaijua ngazi hii: Mariamu na Yusufu walitoa ndege wawili, toleo ambalo Walawi 12 inamruhusu mama asiyemudu mwana-kondoo.

Kuhusu ndege wa sura ya 1 kuna jambo zito. Kuhani alimpasua penye mabawa bila kuyatenga, kisha akamteketeza. Aliyewahi kubabua kuku anajua manyoya yakiungua yananuka vipi; watu hugeuza uso. Katika Walawi Rabba, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, wanauliza kwa nini basi manyoya yaachwe. Jibu lao: ili madhabahu ipambwe kwa toleo la maskini. Ndege akinyonyolewa hubaki kitu kidogo mno, na Mungu hakutaka mtoaji aone toleo lake limedhalilika.

Kitabu hicho hicho kinasimulia habari ya mwanamke aliyeleta konzi ya unga. Kuhani akamdharau: hapa kuna nini cha kuteketeza, na nini cha kula? Usiku akaonywa ndotoni asimdharau, kwani ni kama ametoa uhai wake mwenyewe. Naielewa hivi: aliye na ng'ombe kumi akitoa mmoja, bado analala ameshiba. Aliye na unga wa jioni moja akiutoa, ametoa chakula chake na cha watoto. Na tuangalie aliyeonywa ni nani. Ni mpokeaji.

Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na kwa Wayahudi sala ikashika nafasi ya sadaka za madhabahu. Ndivyo wanavyoabudu hata majirani zetu Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Madhabahu haipo, lakini fundisho lake limebaki.

Wazee wenzangu wa Ngara na Biharamulo, tuache kusoma majina na viwango vya watoaji mbele ya waumini. Tuache kumshangilia mwenye mbuzi na kumnyamazia mwenye mayai mawili. Kila toleo lipokewe kwa mikono miwili na liombewe kwa sala ile ile. Mungu ndiye ajuaye kila mmoja amebakiwa na nini nyumbani.