Betri ikifa, tafuta waya, usitafute mchawi



Kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, kina magari machache sana, lakini kina betri nyingi za gari. Pita mialoni asubuhi utaziona zimepangwa juu ya mbao, nyaya zikipanda kwenye paneli za sola, zikinywa jua kwa ajili ya usiku. Dagaa huvuliwa gizani, na hufuata mwanga. Zamani mwanga huo ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wavuvi wengi wamehamia kwenye taa za betri. Taa ikizimika saa nane za usiku katikati ya Ziwa Victoria, dagaa hutawanyika, na mtumbwi hurudi mtupu na deni la petroli.

Kwa hiyo mtu anayesema "betri yangu haikai na chaji" huko visiwani hazungumzi juu ya kero ndogo. Anazungumzia ada ya mtoto na unga wa wiki ijayo.

Baada ya Misa moja kisiwani, mvuvi alinifuata akiomba maji ya baraka kwa ajili ya mtumbwi wake. Betri mbili zilikuwa zimemfia ndani ya miezi michache, na zote alizinunua mpya, akazivusha ziwa kwa nauli yake. Nilipomuuliza anadhani tatizo ni nini, aliinamisha sauti. Alisema anamfahamu anayemzimia taa. Akamtaja bibi mmoja mjane anayeanika dagaa karibu na kambi yake. Wavuvi wenzake alikuwa ameshawaambia.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua neno la namna hiyo linakoweza kuishia. Kuna bibi zetu waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yaliwekundishwa na moshi wa kuni za miaka hamsini. Nikamwambia, "Mwanangu, maji ya baraka utapata. Lakini kwanza twende kwa fundi."

Fundi alichukua mita yake akapima. Betri ya volti 12 yenye afya, ikishachajiwa vizuri na kupumzishwa saa chache, husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12 kamili, karibu imekwisha. Ile ya mvuvi, baada ya kutwa nzima juani, ilisoma juu kidogo tu ya 12. Fundi hakukuta mkono wa bibi. Alikuta mambo matatu. Vichwa vya betri vilikuwa na ungaunga wa kijani na weupe, na waya umelegea, hivyo umeme wa sola haukuingia sawasawa. Mchana, wakati betri inachajiwa, redio ya kambi na simu za watu zilikuwa zinanyonya kwenye betri hiyo hiyo. Na tatu, betri yenyewe ilikuwa ya gari. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kupiga selfu injini iwake, kisha alteneta iirudishie kile ilichotoa. Ukiikamua usiku kucha mpaka iishe, na kesho tena, unaiua. Kwa kazi ya taa za usiku kucha zipo betri zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Maji ya baraka nilimpa, fundi alipomaliza. Nikamwomba jambo moja: wote aliowatajia jina la bibi awarudie, mmoja mmoja, awaambie kilichoonekana. Aliwarudia. Dominika iliyofuata yule bibi alikuja Misani, akakaa mahali pake pa siku zote, bila kujua ni kitu gani kilikuwa kimempitia jirani.

Katika Injili ya Yohane sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa swali lenyewe. Hatafuti wa kulaumiwa. Anatema mate chini, anafanya tope, anaanza kazi ya kumponya. Huo ndio utaratibu wa Kikristo: mwenye shida mbele yako anahitaji tiba, na tiba huanza kwa kuangalia kilicho mbele ya macho.

Mpendwa msomaji, somo hili halikomei mialoni. Wengi wetu tunaamka Jumatatu hatuwaki. Mama anayelisha nyumba peke yake, mwalimu mwenye darasa lililofurika, katekista anayetembea vigango kwa miguu, na sisi mapadri pia. Tunapiga selfu, tunasikia mlio tu. Na mara nyingi tunakimbilia kubustiwa. Tunatafuta mkutano mkubwa wa maombi, tunaunganishwa na moto wa mwenzetu, tunawaka, tunalia, tunarudi nyumbani. Kubusti si kosa. Gari lililozimika njiani linahitaji msaada. Lakini fundi atakuambia kwamba kama alteneta haichaji, gari litazimika tena mbele kidogo. Alteneta ya Mkristo ni vitu visivyo na kelele: sala ya asubuhi, Rozari ya familia, Jumuiya Ndogo Ndogo, Ekaristi. Injili ya Marko, sura ya 1, inasema Yesu mwenyewe, baada ya jioni ya kuponya watu wengi, aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pa faragha kusali. Kama yeye alihitaji, sisi ni nani?

Wengine wanasali, na bado wanaisha. Hapo tafuta panapovuja. Gari linaloegeshwa jioni likiwa zima na kukutwa asubuhi limekufa, mara nyingi lina kitu kinachokula umeme kimyakimya: taa ya buti isiyozimika, redio iliyofungwa vibaya. Fundi mvumilivu huweka mita, kisha huchomoa fyuzi mojamoja mpaka aone umeme umeacha kuvuja. Ndiyo kazi ya kuchunguza dhamiri. Usiseme tu "mimi ni mdhambi." Chomoa fyuzi mojamoja. Ni deni unalomficha mwenzi wako? Ni simu unayoishika mpaka saa saba za usiku? Ni husuda juu ya nyumba ya jirani? Ukipata fyuzi yenyewe, ipeleke kwenye Sakramenti ya Kitubio.

Liko jambo lingine ambalo mafundi wanalijua vizuri. Ndani ya betri kuna sahani za risasi zilizolowa asidi. Betri inapotoa umeme, sahani hizo hupata chumvi laini, na ukiichaji mapema chumvi hiyo huyeyuka. Ukiiacha tupu wiki baada ya wiki, chumvi inakuwa ukoko mgumu, na hapo hata uichaji siku tatu haipokei. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Waefeso 4:26, anatuonya kwamba jua lisituchwee tukiwa bado na hasira. Ugomvi wa leo ni chumvi laini. Neno moja la "nisamehe" linauyeyusha. Ugomvi wa miaka kumi juu ya kibanja cha marehemu baba ni ukoko. Mungu anaweza kuuvunja, lakini kwa nini tumngojeshe?

Na kwa wale waliokwisha kabisa, someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya, nabii mkubwa, amelala chini ya mti jangwani anaomba afe. Mungu hamkemei. Anamtuma malaika na mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamlisha mara ya pili, kwa sababu safari iliyo mbele ni ndefu. Ukimwona mwenzako ameisha, usianze na hotuba. Mpe chakula, mwache alale, mlishe tena. Mahubiri yatafuata.

Mfaransa Gaston Planté alibuni betri ya risasi mwaka 1859, na tangu hapo kanuni yake haijabadilika: haitoi kile ambacho haikupokea. Nanyi mnaotumia betri hizi, ziongezeeni maji ya betri, si ya kisima. Na zikifa msizitupe ziwani wala msimwage asidi yake ufukweni, kwa maana risasi ni sumu na ziwa ndilo sahani yetu.

Wiki hii, kitu chako kikizimika, iwe ni taa, biashara au ndoa, kabla hujataja jina la mtu yeyote, kagua waya.

Nawatakia Dominika njema.