Mialiko ya Mikutano Inayopotea Njia

Mkutano wa bodi usiotimiza akidi hauwezi kupitisha uamuzi, hata kama mahindi yamejaa ghalani na mnunuzi anasubiri jibu. Mjumbe atokaye Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, hupanda Lyamba lya Mfipa kabla ya kufika Izia, mjini Sumbawanga. Akipewa saa isiyo sahihi, nauli na siku yake vimepotea bure. Kwa kuwa ofisi nyingi sasa huitisha vikao kwa kalenda ya pamoja ya kompyuta, yafaa makatibu wazifahamu sababu tatu za mialiko kupotea.

Kwanza ni anwani. Kompyuta huhifadhi anwani za zamani, na katibu aandikapo herufi chache huletewa jina la mtumishi aliyekwisha ondoka. Dawa yake ni kusoma anwani nzima ya kila mwalikwa, wala si jina peke yake. Kila chama kiwe na anwani ya ofisi, nayo ikabidhiwe pamoja na mhuri na vitabu wakati viongozi wanapobadilishana.

Pili ni saa. Saa tatu asubuhi huandikwa 9:00. Katibu akiandika 3:00, wajumbe wataitwa saa tisa usiku. Aidha, simu iliyo karibu na mpaka, kama vile Kasesya, huweza kushika mtandao wa Zambia, ambako saa iko nyuma kwa saa moja. Mwaliko wa 9:00 ulioandikwa kwa majira hayo utasomeka Sumbawanga kuwa 10:00, yaani saa nne. Kalenda ya kila ofisi iwekwe majira ya Afrika Mashariki.

Tatu ni ruhusa. Mwenye ruhusa ya kubadili kalenda akifuta kikao, akidhani anakiondoa kwake tu, hukifuta kwa ofisi nzima. Ruhusa hiyo wapewe katibu na msaidizi wake. Wengine wasome tu.

Kosa likigunduliwa, usiandikwe mwaliko wa pili kando ya ule wa kwanza, kwani wajumbe watabaki na tarehe mbili. Katibu asahihishe uleule, autume upya, kisha awapigie simu wote wasiojibu.

Hata hivyo, kalenda ni msaidizi tu. Taarifa ya mkutano hutolewa kwa namna na kwa muda uliowekwa na masharti ya chama, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Mkaguzi atakapouliza mjumbe aliarifiwaje, nakala ya barua iliyomo jaladani ndiyo itakayomjibu.