Kwa nini kontrola ya DJ ni ghali Dar kuliko Dubai

Tuseme kontrola ya DJ imetoka kiwandani Asia, na ukijumlisha nauli ya meli na bima imegharimu dola 1,000 hadi kutia nanga. Ikishushwa Jebel Ali na kuingizwa Dubai, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 5, kisha VAT ya asilimia 5, na hesabu inaishia dola 1,102.50. Ikishushwa Dar es Salaam na afisa akaiweka kwenye kundi la bidhaa za asilimia 25, ushuru unaifikisha dola 1,250, VAT ya asilimia 18 inaisukuma hadi 1,475, na hapo tozo ya reli na ada ya forodha bado hazijaguswa. Mtu wa São Paulo akiiagiza mtandaoni kama kifurushi, serikali ya Brazil huchukua asilimia 60 ukitoa dola 20, halafu jimbo nalo linadai kodi yake, na mzigo wa dola 1,000 unamfikia mlangoni kwa dola 1,900 na ushei.

Mashine ni ileile. Haikuongezwa hata kitufe njiani.

Wengi wetu tukiona tofauti hiyo humnyooshea kidole mwenye duka wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi. Ana sehemu yake, na tutamfikia. Lakini fedha nyingi zinazoongezeka huongezeka kabla hajauona mzigo, na huongezeka kwa namna ambayo mteja haoni: kodi haikai pembeni ya kodi nyingine, hukaa juu yake. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Kwa hiyo ukilipa nauli kubwa ya meli, ushuru wako nao unakua. Kisha VAT inatozwa juu ya jumla iliyokwisha kubeba ushuru. Marekani haifanyi hivyo. Ushuru wake huhesabiwa kwa thamani ya bidhaa bila nauli ya kimataifa. Anayeagiza mzigo mzito kutoka mbali huumia mara mbili kwetu, na spika ni mzigo mzito kuliko karibu kila kitu anachohitaji DJ.

Na uzito wenyewe si wa mizani peke yake. Mashirika ya kusafirisha vifurushi kwa ndege hupima ukubwa wa sanduku: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 5,000, na ikiwa jibu linazidi kilo halisi unalipia jibu. Sanduku la spika la sentimita 45 kwa 45 kwa 75 huhesabiwa kilo 30 hata kama mizani inasoma 20. Unalipia hewa iliyomo ndani ya boksi. Ndiyo maana wanaojua hupeleka spika kwa meli, ndani ya kontena la kuchangia, hata kama itabidi wasubiri miezi.

Majirani nao wana mapambo yao. Kenya VAT ni asilimia 16, chini ya Tanzania, lakini kuna ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2. Uganda VAT ni 18, na mwagizaji asiye na msamaha hukatwa asilimia 6 nyingine kama kodi ya mapato ya mbele. Mzigo wa Kampala pia unatembea zaidi ya kilomita 1,100 kwa lori kutoka Mombasa, na wa Goma unakwenda mbali zaidi, kwa hiyo bei ya huko msiulize.

Kuna jambo moja linalonikera kuliko viwango vyenyewe, nalo ni swali la kontrola ni kitu gani. Forodha haitozi jina la biashara, hutoza kwa fungu ambalo bidhaa imepangwa. Laptopu ambayo DJ anaiweka mezani huingia Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha, kwa sababu serikali zetu ziliamua kompyuta ni chombo cha maendeleo. Kontrola inayochomekwa kwenye laptopu hiyohiyo, isiyotoa mlio wowote bila laptopu hiyo, inaweza kusomwa kama kifaa cha kielektroniki cha aina nyingine na kukumbana na ushuru kamili. Mmoja anasema ni kibonyezo cha kompyuta, mwingine anasema ni kifaa cha sauti, na wakala wa forodha anamwambia mwenye mzigo asubiri. Ubishi ukiendelea, gharama za kuhifadhi mzigo nazo zinaendelea. Mfanyabiashara makini huliweka hilo kwenye bei mapema, hata kwa mzigo ambao hautapata tatizo.

Sasa tazama muziki uliotoka uswahilini. Singeli ilikulia Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa ya jirani, na watayarishaji wake wengi walianza na kompyuta, programu za DJ na kibodi ya kawaida ya kuandikia barua. Santuri ya muziki huo iliyotoka Kampala mwaka 2017 chini ya Nyege Nyege Tapes ilibeba jina la studio ya Sisso, na ulimwengu ukashangaa kasi ile. Sisemi ushuru ndio uliozaa singeli. Vipaji havina namba ya forodha. Ila kijana anayetafuta chombo hutumia anachokipata, na kilichokuwa kinapatikana ni kompyuta. Wakosoaji wa ng'ambo wanaosifu "ubunifu wa kutumia kidogo" wangefanya vizuri kuuliza kwanza kwa nini kilikuwa kidogo.

Turudi kwa mwenye duka. Yeye hununua kwa dola na kuuza kwa shilingi, na katikati kuna miezi. Januari 2024 dola moja Kenya ilivuka shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mashine ya dola 1,000 iliyoingia kwa bei ya Januari ilibaki rafuni na hasara ya shilingi 30,000 hata kabla ya kodi. Aliyewahi kuungua hivyo hapangi bei kwa dola aliyonunulia, hupanga kwa dola anayoiogopa. Dola ikipanda utasikia "kaka, dola imepanda" siku hiyohiyo. Ikishuka, mzigo ni wa zamani. Hilo ni kosa lake, na mteja ana haki ya kulisema.

Lakini pia wateja wake ni wachache. Duka kubwa la Thomann, kule Treppendorf, Ujerumani, huagiza kwa wingi na kuuza kwa Ulaya nzima. Muuzaji wa Mwanza anaagiza mashine chache, anafunga mtaji wake humo, na analipa riba ya benki wakati DJ anajadiliana. Mnunuzi mdogo hapati punguzo la kiwandani. Haponi hata kwa Dubai, maana wafanyabiashara wengi wa kwetu hununua huko kwa mtu aliyekwisha kuweka faida yake.

Kuna pia tofauti ambayo si tofauti. Kijana anaona video ya Mmarekani akitaja bei, kisha anaona bei ya Ujerumani, anadhani Wajerumani wanaibiwa. Bei ya Marekani hutangazwa bila kodi ya mauzo, ambayo huongezwa kaunta na hutofautiana jimbo kwa jimbo. Oregon kodi hiyo haipo kabisa. Bei ya Ujerumani tayari ina VAT ya asilimia 19 ndani yake. Kitu cha yuro 1,190 kikiuzwa nje ya Umoja wa Ulaya kinaweza kuondolewa kodi hiyo na kubaki yuro 1,000. Ukilinganisha bei ya YouTube na ya Kariakoo bila kujua hili, unalinganisha vitu viwili visivyofanana. Na Marekani yenyewe haina kinga: Agosti 2025 bidhaa za Japani zilipangiwa ushuru wa asilimia 15 na za Malaysia asilimia 19, na AlphaTheta, kampuni iliyokuwa ikiitwa Pioneer DJ, ni ya Japani.

Njia ya mkato inayojulikana ni sanduku la nguo. Jamaa wa Muscat au Toronto anakuja likizo, mnampa orodha. Mwaka 2023 mamlaka ya mapato ya Kenya ilipowakumbusha wasafiri kwamba wakati huo mizigo ya zaidi ya dola 500 ilitozwa kodi, kelele zilikuwa kubwa, kwa sababu wengi walikuwa wakinunua hivyo. Kama utapita njia hiyo, soma maandishi ya nyuma ya kifaa kwanza. Kikiandikwa volti 100 hadi 240, sawa. Spika ya Marekani iliyoandikwa 120 peke yake ukiichomeka kwenye umeme wetu itakufa kabla ya wimbo wa kwanza. Dhamana nayo kwa kawaida hubaki nchi kilikonunuliwa.

Kila mwaka, kabla ya bajeti za Juni, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukusanya maombi ya kubadilisha viwango vya ushuru, na nchi moja inaweza kuruhusiwa kiwango tofauti kwa mwaka mmoja na kikachapishwa kwenye gazeti la Jumuiya. Wenye viwanda vya nondo, mafuta ya kula na sabuni hupeleka maombi yao kila msimu na hujibiwa. DJ anayepiga harusi nne kwa mwezi, anayemlipa dereva, mbeba spika na fundi wa jenereta, anatumia kontrola kama mshonaji anavyotumia cherehani. Vyama vya wasanii na wenye kukodisha mziki wapeleke ombi moja tu, kwamba kontrola isomwe katika fungu la kompyuta, na walipeleke mapema, maana Mei huwa wameshachelewa.